Sentensi ya Kuarifu na Kofia ya Mama

Shule mie niliiacha darasa la pili, tena hilo la pili sikulimaliza, kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika msinihesabie. Kosa langu kubwa si la kuandika. Ni la kusema. Nilisema kwa Kiingereza, sentensi mbili fupi, asubuhi moja ghalani kule upande wa Chang'ombe, na kwa sababu ya sentensi hizo mtu mmoja akakosa kazi na kuuhama mji. Nimelinyamazia jambo hili miaka mingi. Mke wangu amekufa hajalisikia lote.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Kila jioni, saa kumi na moja, tukitoka kazini, watu wazima tulikusanyika kwenye banda la tawi la chama pale Temeke kujifunza kusoma. Nilimaliza kitabu cha kwanza na cha pili cha Kiswahili. Kisha karani mmoja kijana kutoka bara akajitolea kutufundisha Kiingereza, siku tatu kwa wiki, wale tu waliotaka. Tulikuwa tisa, tukaja kubaki watano. Chaki ikiisha alitumia kipande cha muhogo mkavu, na ubao ulikuwa mlango wa kabati la zamani, hata bawaba zake zipo.

Siku ya kwanza akasema hivi: "Ziko sentensi za kuuliza, ziko za kuamuru, ziko za kushangaa. Hizo tuziache kwanza. Leo tunaanza na sentensi ya kuarifu. Hii haiulizi, haiombi, haiamuru. Inaweka jambo mezani basi."

Akaandika: "This is a door." Huu ni mlango.

Kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi, mdomo wake haukuwa na kufuli. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mlango si tunauona wote? Sasa tunaambiana nini?"

Tukacheka. Mwalimu naye alicheka, lakini akatujibu jambo ambalo mpaka leo nalisikia. Alisema sentensi ya kuarifu haijali kama unaona au huoni. Kazi yake ni kumpa habari anayesikia, naye anaichukua kwamba ndivyo mambo yalivyo. "Nyie watu wa pwani," akasema, "mtu akisema fulani ana wazimu, kwanza mnamtazama uso. Mnaangalia kama anakonyeza jicho, mnasikiliza sauti imevutwa vipi, ndipo mnajua kasema kweli au anatania. Mgeni wa Kiingereza hana nafasi hiyo na nyie. Mzigo mtakaomtulia ndio atakaobeba."

Na sauti ishuke mwishoni, akatufundisha, kama mtu anayetua gunia. Hapo wenzangu walishindwa. Walikuwa wakiipandisha, kama wanaomba ruhusa: mlango huu, jamani? Mie nikaweza mara ya kwanza tu. Sauti yangu ikashuka, ikatua chini, tuu. Mwalimu akasema, "Huyu baba sauti yake inashuka vizuri sana." Mtu wa darasa la pili, kuli wa ghala, kusifiwa mbele za watu! Nilirudi nyumbani natembea katikati ya njia. Mke wangu alikuwa jikoni, nikamwonyesha kila kitu kwa Kiingereza: hili ni sufuria, hiki ni kigoda, huyu ni paka. Akaniambia, "Sufuria linajijua. Wewe lete mkaa."

Sasa niwaeleze habari za mtani wangu, maana bila yeye hakuna kisa.

Mie ni Mzaramo, yeye alikuwa Mnyamwezi. Wanaojua wanajua. Babu zetu walitaniana tangu zama za misafara ya miguu, na sie tumeurithi utani kama wengine wanavyorithi minazi. Tulifanya kazi ghala moja, la shirika moja la umma ambalo sitalitaja, na tulipanga nyumba moja, vyumba vya kuangaliana, ua mmoja, choo kimoja. Asubuhi nikitoka tu namkuta keshakaa kwenye ngazi anapiga mswaki kwa kijiti, nami namchokoza:

"Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka, na nimesikitika. Nilidhani leo umekufa nirithi baiskeli."

"Baiskeli yangu haipandwi na Mnyamwezi. Itaomba talaka."

"Kwani wewe inakupenda? Mzaramo mvivu, hata kanyagio linakusukuma wewe."

Mkewe alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, anacheka mpaka anaunguza. Walikuwa na mtoto wa kike wa mgongoni, na mie nilikuwaga namwita mchumba wangu, nikimuuliza baba yake lini nilete posa. Ndivyo tulivyoishi. Asubuhi ikipita bila tusi tuliulizana kama kuna ugonjwa.

Mama yangu alifariki wakati wa masika. Tukaenda kumzika kijijini kwetu, njia ya Kisarawe, na mtani akaja nami. Wasiojua utani wangeshangaa kwa aliyoyafanya. Kaburi lilipokuwa tayari alirukia ndani, akalala chali, akasema hatoki. "Huyu mama aliniahidi uji wa mchele. Hazikwi mpaka nipewe changu." Wajomba wakambembeleza, akaahidiwa jogoo, akatoka na udongo mpaka masikioni. Baada ya mazishi akajifunga kanga ya marehemu, akapita mbele ya wafiwa kwa mwendo wake mama, ule wa kuvuta mguu wa kushoto, na sauti yake ileile: "Wewe mwanangu, mbona umekonda? Huyo mkeo anakupikia mawe?" Nililia na kucheka pamoja. Hakuna mtu mwingine aliyenifariji siku ile, ni yeye tu. Halafu akanipitia hapo nilipokaa, akanivua kofia kichwani, akaivaa.

Kofia hiyo aliishona mama kwa mkono wake, uzi wa rangi ya maziwa, vitundu vidogo kama vimetobolewa na mchwa. Mtani akichukua kitu msibani hajaiba. Unakikomboa kwa kuku, yameisha. Usipokikomboa kinabaki kwake, na wewe unabaki na haki ya kumwita mwizi mpaka siku ya kiama. Mie sikuikomboa, na nilifanya makusudi. Utamu wenyewe ulikuwa huo. Akaivaa kazini kila siku, na mie kila siku nikipita nasema, "Mwizi huyo! Mfungeni!" naye anaishika kofia kwa mikono miwili kama imepigwa na upepo. Wapakizi wote walijua. Hata mlinzi wa geti, Mmakonde mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa akituunga mkono: "Mwizi apite kushoto."

Ghalani tulikuwa na mtaalamu, Mzungu mrefu aliyeletwa kutufundisha utunzaji wa mali. Nitamtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Alikula mihogo yetu, alibeba mizigo pamoja nasi. Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante. Mambo yote alitafsiriwa na msimamizi wetu, na siku ninayoisema msimamizi alikuwa ameitwa bandarini.

Asubuhi ile majora mawili ya khaki hayakuonekana. Mzungu akaja na daftari lake, uso umemshuka, anapita kwa mmoja mmoja akiuliza kwa Kiingereza na mikono. Watu wanatikisa vichwa tu. Mie nikajifuta vumbi mikononi. Nilikuwa nasubiri anifikie. Miezi minane nimeongea Kiingereza na masufuria, leo nimepata mtu.

Akafika. Nikamwambia, "Good morning, sir. I am a worker." Akashtuka, akatabasamu. Akaniuliza kitu kirefu, ndani yake nikashika neno cloth, kitambaa, na neno who, nani. Mtani wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, ameegemea gunia la misumari, na kofia yake kichwani. Ya kwangu, nataka kusema. Nikaona hapa nitachekesha watu na papo hapo nionyeshe elimu. Nikamnyooshea kidole.

"He is a thief," nikasema. "He took my hat." Huyu ni mwizi, kachukua kofia yangu.

Sauti ikashuka mwishoni, ikatua. Sijawahi kusema sentensi safi kama zile, wala sijasema tena.

Mtani hakujua Kiingereza, lakini kidole alikijua. Akaishika kofia kwa mikono miwili, akacheka, "Mwongo huyo, Mzungu, usimsikilize mtumwa wangu!" Wapakizi wakaangua kicheko.

Mzungu hakucheka. Alinitazama mie, akamtazama yeye, akatazama kofia. Akaandika. Kisha akaniuliza polepole, ili nielewe, na nilielewa: una hakika?

Hapa ndipo watu wakinihurumia huwa nawakatalia. Ningeweza kusema sikujua. Nilijua. Niliuona uso wake, nikajua gunia nimelitua mahali pasipo pake na mtu keshalibeba. Nilitafuta Kiingereza cha utani, sikukipata, hatukufundishwa. Lakini karani wa mapokezi wa pale ghalani alikuwa ndiyo kwanza ameingia chumba cha pili, Kiingereza anakijua, ningemwita kwa Kiswahili tu: njoo unisaidie, huyu bwana kanielewa vibaya. Na ningemwita, wote wangeona kwamba Kiingereza changu kimefika mwisho, sentensi mbili na kimekwama. Niliona aibu ya hilo. Basi nikasema, "Yes, sir. I am sure."

Akanishika bega. Akasema Kiingereza changu kizuri.

Mchana mtani aliambiwa akae nje ya geti mpaka kamati ya wafanyakazi ikutane. Jioni ile uani hatukutaniana. Alidhani ni mambo ya khaki, hakujua mie nimo. Akaniambia tu, "Mtani, hawa wananitafuta nini? Nipe maji ya kunawa." Nikampa.

Nieleze kidogo ugumu wa siku zile, maana vijana hawaujui. Mtu asiye na kazi hakuwa na raha mjini. Mgambo walisimamisha watu njiani wakiuliza kitambulisho cha kazi, na asiyekuwa nacho alipandishwa lori apelekwe kijijini kulima. Kwa hiyo kufukuzwa kazi hakukuwa kufukuzwa kazi tu. Ulipoteza na chumba chako, na wateja wa vitumbua vya mkeo, na zahanati ya mtoto wako.

Kamati ikakaa baada ya siku mbili, mchana, ndani ya ghala, sie tumekalia masanduku ya majembe. Mwenyekiti alikuwa mpakizi mwenzetu, mtu wa haki. Mzungu alikaa pembeni, karani akimtafsiria. Daftari likasomwa. Ndipo mtani wangu alipojua nani kasema. Akageuka kunitazama. Sikuona hasira. Niliona mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha.

Akasimama. "Ndugu mwenyekiti, huyu ni mtani wangu. Kuniita mwizi ni haki yake, na hata akiniita mchawi nitaitika. Kofia nimechukua kweli, nilichukua kwenye mazishi ya mama yake, na nikamwigizia mwendo wa mama yake. Nyie wote mnajua. Majora siyajui." Kisha akaongeza, "Na akitaka kofia, kuku wangu yuko wapi?"

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Mambo yalikuwa yanaisha. Mwenyekiti akanigeukia mie, bado anatabasamu. "Haya ndugu, tuambie tukanywe chai. Uliyoyasema yalikuwa utani?"

Neno moja lilitosha. Ndiyo. Lakini asubuhi ileile Mzungu alikuwa ameniita, mbele ya karani, akasema anahitaji mtu wa kushika funguo za stoo, mtu anayejua Kiingereza na anayesema ukweli, na koti refu la kijivu lilikuwa tayari limetundikwa msumarini. Nililiona kutoka nilipokaa. Nikisema ulikuwa utani, basi nimemdanganya, na koti linabaki pale msumarini.

Nikasema, "Kwa Kiingereza hakuna utani, ndugu mwenyekiti."

Hakuna aliyecheka tena. Karani akatafsiri, sijui alitafsiri vipi. Nasikia mpaka leo namna sauti yangu ilivyoshuka mwishoni, na safari hiyo nilikuwa nasema Kiswahili.

Mtani akafukuzwa kazi, na alfajiri ya siku waliyohama niliamka nimekusudia kubaki ndani. Lakini alibisha hodi. Nikafungua. Alikuwa na kofia mkononi, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara mbili. Akanipa.

"Kuku je?" nikamuuliza. Nilitaka kuirudisha siku nyuma kwa neno hilo. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

"Hapana haja. Nilikaa nacho kilipokuwa kitu cha mtani." Halafu akanisalimu. "Habari za asubuhi, bwana?" Kwa heshima kabisa, kama mtu anamsalimu afisa. Miaka yote ile hajawahi kunisalimu. Nikajibu nzuri. Mkewe alipita na karai lake kichwani na mtoto mgongoni, macho yake yakitazama geti. Wakaondoka kwenda kupanda treni ya bara.

Mwezi haukuisha nikayapata majora. Mie mwenyewe, na funguo zangu. Yalikuwa chini ya turubai, nyuma ya masanduku yaleyale ya majembe tuliyoyakalia siku ya kamati. Nadhani paa lilipovuja wakati wa masika mtu aliyasogeza yasilowe, akasahau. Nikaenda kwa Mzungu, koti langu limefungwa vifungo vyote.

"The cloth is here," nikamwambia. Kitambaa kipo hapa.

"Good," akasema, akaandika.

Nikasimama. Ilibaki sentensi moja, fupi kuliko zote, kwamba yule si mwizi. Nilikuwa naijua. Kukanusha tulifundishwa wiki ya tatu, na mwalimu alinisifu pia. Mzungu akainua kichwa akaniuliza kama kuna jambo jingine. Nikasema no, sir.

Darasani sikurudi tena. Mke wangu aliniuliza, nikasema nimechoka. Kiingereza nilichobakiza ni hicho mlichokisoma humu, na koti nililivaa mpaka likachanika kwapani.

Sasa hivi nakaa Tegeta kwa binti yangu. Mwaka huu, mchana mmoja, akaja mwanamke wa makamo, mnene kidogo, amevaa vizuri. Alikuwa amekwenda kuuliza kwenye ile nyumba ya Temeke, wajukuu wa mwenye nyumba wakamwelekeza. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mie ni mtoto wa mtani wako. Baba amefariki, tumemaliza arobaini. Aliniambia nikifika Dar nimtafute Mzaramo wa Temeke, nimwambie: mtumwa wangu, umekosa ubwabwa wa msiba wangu." Akacheka, machozi yakimlengalenga. "Sie hatukumwelewa. Alikuwa na maneno yake."

Yule mchumba wangu wa mgongoni. Nikashindwa hata kumwangalia. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa bado ananiita mtani, huko alikokuwa, mbele ya watoto wake. Haki yangu ilikuwa kwenda kulala kwenye kaburi lake na kugoma, kuvaa shati lake na kuiga anavyoshika kofia. Sikuitwa kwa sababu hawakujua pa kunitafuta, na mie sikujitafutisha.

Binti yangu akaleta chai. Nikaona leo ndiyo siku. Nikaingia ndani, nikaitoa kofia kwenye sanduku, nikaiweka mezani mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Baba yako hakuwa mwizi. Mie ndiye niliyesema, na nilijua si kweli."

Akaweka kikombe chini. "Nani alisema baba ni mwizi?"

Hakuwa anajua. Marehemu alikuwa amewaambia kwamba waliondoka Dar kwa sababu alipenda kulima. Hakutamka hata siku moja kwamba alifukuzwa, wala kwa nini. Alikuwa ameufunika mzigo wote mwenyewe, na mie kwa kutaka kuutua wangu nimemtwika mwanawe, siku chache tu baada ya arobaini.

Ilibidi nimweleze yote, kama nilivyoyaandika humu. Alisikiliza mpaka mwisho. Chai ilishika utando. Akaigusa kofia kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo aliyoiiba?"

"Hakuiiba, mwanangu. Aliichukua."

"Sawa, mzee."

Nikamwomba aondoke nayo, ni ya baba yake kwa haki ya msiba, kuku sikutoa. Akasema hapana, nyumbani hakuna wa kuivaa. Akasimama, akamuaga binti yangu kwa kumkumbatia. Mie akanipa mkono, na kwa heshima kabisa akasema, "Ahsante kwa chai, bwana."

Neno la baba yake lilelile. Akatoka. Kofia ikabaki mezani, na binti yangu, asiyejua lolote, akaja kutoa vikombe akaniuliza, "Baba, hii kofia nzuri ni ya nani?"